Mlango na Alama za Vidole

Anayetafuta kazi huulizwa maswali mawili. La kwanza: wewe ni wa nani? La pili: umewahi kufanya nini? Mjini maswali haya hukaa mbalimbali. La kwanza linajibiwa kwa cheti cha kuzaliwa, na la pili kwa karatasi ya polisi, ile tunayoiita hati ya tabia njema. Lakini kwetu Ngara, na kwa majirani zetu wa Biharamulo, maswali haya yamechanganywa kwa miaka mingi, hata mtu akijibu moja huhesabiwa kuwa kajibu yote mawili. Nataka kueleza yalivyochanganywa. Najua, msomaji, kwamba wengi wetu humu tumemaliza shule na tunazunguka na bahasha za kaki, na historia tuliiacha siku ile tulipokabidhi karatasi ya mtihani. Lakini ukisoma fomu za kazi vizuri utaikuta humo.

Nianze na neno lenyewe. "Familia" ni neno la juzijuzi. Wazee wetu walisema ukoo, jamaa, ndugu. Na watu wa pwani wana neno jingine zuri, mlango. Watu wa mlango mmoja ni watu wa ukoo mmoja. Sasa vuka uende Burundi au Rwanda, utakuta neno umuryango, nalo maana yake ni ukoo, na maana yake pia ni mlango wa kupitia. Maneno haya mawili ni ndugu, yametoka mzizi mmoja. Mlango una kazi mbili na kila mtu anazijua: kumwingiza aliye wako, na kumzuia asiye wako asione kilichomo ndani. Naomba tuzishike kazi hizi mbili, maana tutazihitaji mbele.

Wilaya ya Ngara imeundwa na nchi mbili za zamani, Bugufi na Bushubi. Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi. Wajerumani waliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji waligawana nchi hizi kwa mapatano ya mwaka 1919, na Bugufi ikabaki upande wa Tanganyika. Hakuna aliyehama. Mtu alilala kwake akaamka mke wake ana wazazi katika koloni la Wabelgiji na yeye mwenyewe yuko chini ya Mwingereza. Wahangaza wakaendelea kuvuka Ruvubu kwenda kwenye misiba na harusi kama jana, kwa sababu msiba hauulizi mpaka. Ila tangu siku ile kila ukoo wa kule ukawa na nusu yake ugenini, na nusu hiyo haikufanya kosa lolote.

Zamani hizo kazi na ardhi vilipatikanaje? Bibi yangu mzaa baba alinisimulia kwamba mgeni akija kijijini hakuulizwa karatasi. Aliulizwa amefikia kwa nani. Mwenyeji wake ndiye aliyesema, "Huyu namjua, ni wetu." Akiiba, aibu ni ya mwenyeji, na fidia hulipwa na mlango mzima. Faili la mtu lilikuwa kwenye vichwa vya jamaa zake. Tusiusifu sana utaratibu huu. Ulikuwa na huruma, lakini asiye na mwenyeji alikosa pa kushika, na mkosaji mwenye jamaa wengi aliweza kufunikwa.

Baadaye zikaja kazi za mbali. Vijana wa Bugufi, wa Ruanda na wa Urundi walitembea kwa miguu kwenda Buganda kulima pamba na kahawa. Wengine walichukuliwa kwenda mashamba ya mkonge, ambako mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Hapo jina la baba halikusaidia kitu. Mnyapara hakujua ukoo wako, alijua namba yako.

Na kwa majirani zetu Kenya mambo yalikuwa makali zaidi. Sheria iliyotungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande chenye alama za vidole vyake na maandishi ya waajiri wake, ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni. Bila maandishi mazuri ya bwana wa kwanza, bwana wa pili hakupatikani. Harry Thuku aliwakusanya watu kupinga mambo hayo na mengine, akakamatwa Machi 1922, na umati uliokwenda kumdai mjini Nairobi ukapigwa risasi. Ujuzi wa alama za vidole polisi wa London walianza kuutumia mwaka 1901, kwa utaratibu uliotengenezwa Bengal, India. Kwa hiyo tunapochovya vidole kwenye wino ili tupate kazi, tunafanya jambo ambalo mababu walifanyiwa kwa nguvu.

Hata hivyo, alama za vidole zina haki moja ndani yake. Zinamtaja mtu mmoja tu. Hata mapacha waliolala tumbo moja hawana alama sawa. Kidole hakina ukoo. Kikisema "huyu aliiba", kinasema huyu, hakisemi hawa.

Sasa tuingie katika miaka ambayo wengi wenu mmeisikia redioni, na sisi tumeisikia kwa mama zetu. Tangu mwaka 1959 Watutsi wa Rwanda walikimbilia Tanzania, wengine wakapokelewa huko huko Ngara, pale Muyenzi. Mwaka 1980 serikali yetu ilitoa uraia kwa wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na Warundi wakamiminika. Kisha ukaja Aprili 1994. Kati ya tarehe 28 na 29 ya mwezi huo, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya kama saa 24. Chini ya daraja, mto Kagera ulikuwa ukishusha maiti kuelekea Ziwa Viktoria. Juu ya daraja walipita akina mama wenye watoto, wazee, wagonjwa. Na katikati yao walipita walioua.

Kambi ilifunguliwa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara. Kwa siku chache tu porini kukawa na mji mkubwa kuliko mji wowote wa Kagera. Fikiria, msomaji, kazi ya mashirika ya misaada: watu robo milioni, hakuna karatasi, hakuna anayejua lugha, na chakula lazima kigawiwe kesho asubuhi. Walihitaji waandikishaji, wagawaji, walinzi, wakalimani. Nani aajiriwe? Wakafanya kama wanakijiji wa bibi yangu walivyofanya. Waliwauliza wakimbizi: nani anawajua hawa? Na waliojitokeza ni wakuu wa komyuni walewale waliovuka na watu wao. Watu wakapangwa kambini kwa komyuni zao, na hao wakapewa madaraka. "Ni wetu, tunamjua."

Mmoja wao alikuwa Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa komyuni ya Rusumo, ng'ambo tu ya daraja. Komyuni yake ndiyo yenye parokia ya Nyarubuye, ambako katikati ya Aprili 1994 watu waliokimbilia kanisani walichinjwa kwa maelfu. Pale Benaco alikuwa kiongozi. Alikamatwa mwaka 2001 katika kambi nyingine ya wakimbizi hapa Tanzania. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia hatiani mwaka 2004 kwa mauaji ya kimbari na makosa mengine, ikampa miaka 30. Rufaa ya mwaka 2006 ikaigeuza adhabu kuwa kifungo cha maisha.

Mwingine ni Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa mkuu wa komyuni ya Murambi. Huyu mwaka 1994 alikuwa na cheo katika wizara ya Rwanda iliyoshughulikia familia na wanawake. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Juni 1994, ilipotakiwa aondolewe Benaco, umati wa maelfu wenye mapanga na marungu uliwazingira wafanyakazi wa misaada, ikabidi mashirika yasimamishe kazi. Alikamatwa mwaka 2002 huko Congo-Brazzaville, akahukumiwa mwaka 2011 kifungo cha maisha, na rufaa ya mwaka 2012 ikampunguzia ikawa miaka 40.

Sasa hebu tujiulize. Kama mwezi Mei 1994 mtu angesimama getini Benaco akadai hati ya tabia njema, watu hao wawili wangeshindwa? Nadhani wasingeshindwa. Polisi wa kwao walikuwa upande wao, hakuna kesi iliyofunguliwa, vidole vyao vilikuwa safi kwenye kila jalada. Faili la kweli lilikuwa kwa wajane waliobaki Nyarubuye, na hao hakuna aliyewauliza. Waliohojiwa ni watu wa mlango, na mlango ulifanya kazi yake ya pili: ulifunga. Hili ndilo funzo la kwanza la wilaya yetu. Kuwa wa watu fulani si ushahidi kwamba wewe ni mwema. Na karatasi safi inasema tu kwamba hujawahi kushikwa na anayeandika.

Funzo la pili lilikuja kwa mlango wa nyuma. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda waliambiwa warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na karibu nusu milioni walivuka tena Rusumo. Kambi za Warundi zilibaki miaka mingine. Bunduki za vita vya jirani nazo zilibaki zikizungukazunguka. Waliosafiri miaka hiyo wanakumbuka mapori ya Biharamulo, mabasi yakipangwa mstari na kusindikizwa na polisi wenye silaha, abiria wakificha hela kwenye soksi. Ujambazi ulikuwa wa kweli, na damu iliyomwagika barabarani ilikuwa ya watu wetu. Lakini jambazi alipokosa jina, watu walimpa kabila. Mrundi. Mnyarwanda. Kidole kimoja kilichovuta risasi kikawa vidole vya ukoo mzima.

Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, alitoa wiki mbili kwa wahamiaji wasio na vibali waondoke. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake, sibishani na hilo. Ila katika maelfu walioondoka walikuwamo wake wa Watanzania, waume wa Watanzania, na wazee walioishi hapa miaka na miaka wakaacha watoto na ng'ombe. Nyumba ziligawanyika katikati: baba huku, mama kule. Mwaka 1994 swali "wewe ni wa nani?" lilimsafisha mwenye hatia. Mwaka 2013 swali lilelile lilimchafua asiye na hatia. Kosa ni lilelile, kusoma ukoo wa mtu kana kwamba ni jalada la polisi.

Nisingeandika haya kama yangeishia vitabuni. Nilipofika Mwanza baada ya kumaliza kidato cha nne niliomba kazi katika kampuni moja ya ulinzi. Nilipeleka vyeti, barua ya mtendaji wa kijiji, picha mbili, na nilikuwa tayari kwenda kupiga alama za vidole. Wakanipa fomu. Katikati ya fomu kulikuwa na swali: babu na bibi zako walizaliwa wapi? Mistari miwili chini yake, swali jingine: una ndugu yeyote aliyewahi kufungwa?

Bibi mzaa mama alizaliwa ng'ambo ya Ruvubu, akaolewa huku. Hilo niliandika. Kwenye swali la pili kalamu ilisimama. Mtoto wa baba yangu mdogo alifungwa miezi kumi na minane kwa kesi ya pikipiki ya wizi. Kwa Kizungu huyo ana jina lake, binamu sijui nini. Kwetu ni kaka yangu, tumekula sinia moja na tumevaa shati moja kwa zamu. Niliomba nipeleke fomu kesho yake. Jioni nikamuuliza shangazi, ambaye nilikuwa nakaa kwake. Shangazi akasema, "Wewe andika hapana. Karatasi haijui sinia." Mshikaji wangu wa kijiweni naye akasema, "Wajanja hawaandikagi mambo hayo, unajichoma mwenyewe."

Nikaandika ndiyo. Niliona kwamba nikiandika hapana nitakuwa nimemkana mtu ili nipate rungu na filimbi. Sikuitwa. Labda ni kwa sababu hiyo, labda ni kwa sababu nyingine, kampuni hazielezi. Lakini nililala nikiwaza: kesi ya pikipiki ina alama za vidole za mtu mmoja, nazo si zangu. Kwa nini nitoe jibu kwa vidole ambavyo sina?

Na yeye kaka mwenyewe je? Amemaliza kifungo chake. Deni alilipa siku zote, hakubakiza hata wiki. Lakini kila anapoomba kazi ya kuandikishwa, vidole vinamtangulia. Aliyemwajiri mwisho ni baba mdogo, aliyemkatia shamba la migomba, na mjomba, aliyempa baiskeli ya kubebea ndizi kwenda sokoni. Hao wawili ndio wanaoijua kesi yake kuliko afisa yeyote: walikaa mahakamani, walipeleka chakula gerezani, na aliyeibiwa waliomba radhi nyumbani kwake wakiwa na kaka mwenyewe. Hawakusema hakufanya. Walisema amefanya, na ni wetu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa familia ni nini. Familia ni watu waliosoma jalada lako lote, mpaka kurasa ambazo polisi hawana, na bado wakakufungulia. Ukipokelewa hivyo umepata mlango wa kweli. Benaco kulikuwa na kitu kinachofanana na hicho kwa nje, lakini ndani ni kinyume chake. Kule watu walisema ni wetu, kwa hiyo hakufanya. Baba mdogo alisema ni wetu, ingawa alifanya. Tofauti ya sentensi hizi mbili ni kubwa kama mto Kagera.

Ofisi nayo ina kazi yake, nayo si kazi ya familia. Mwenye mabasi ana haki ya kujua kama dereva aliwahi kuua mtu kwa uzembe, na shule ina haki ya kujua kama mlinzi aliwahi kumdhuru mtoto. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitishwa, na ibara ya 22 inasema kila mtu ana haki ya kufanya kazi. Mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika Mei 2023, nayo inazihesabu habari za makosa ya mtu kuwa taarifa nyeti. Si mali ya kila mwenye fomu na muhuri. Kwa maoni yangu mambo matatu yanatosha. Aulizwe mtu juu ya vidole vyake, si vya ndugu zake. Aulizwe kosa linalohusiana na kazi anayoomba. Na anayetakiwa kuishi na jalada hilo aruhusiwe kulisoma yeye kwanza, ajue limeandika nini, kabla halijasomwa na mtu wa dirishani.

Na sisi tunaoandika tuna sehemu yetu. Mahakama ya Arusha ilifunga kazi mwisho wa mwaka 2015, mabasi ya Biharamulo hayapangwi tena mstari kama zamani, na Benaco leo ni mji mdogo ambako malori yanasimama na watu wanauza mishikaki. Anayepita pale haoni kitu. Wazee waliopokea wageni Muyenzi, akina mama waliobaki peke yao mwaka 2013, vijana kama kaka yangu, hawa wana majalada ambayo hayapo polisi wala kwenye ofisi yoyote. Tunajaza daftari zetu kwa mapenzi ya Dar na wapelelezi wa kubuni, na hadithi ziko nyumbani zinatungoja tuulize. Ukienda kwenu likizo hii, muulize bibi yako alizaliwa wapi. Muulize bila fomu mkononi, na umwache amalize kusema.